Gitaa Dogo la Ukutani

Mtaani kila mtu alimwita Barafu. Alikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi, na jina lilianzia hapo, lakini waliomjua vizuri walisema lingemfaa zaidi jina la jiko, maana Barafu akiingia mahali hapakai baridi. Mdomo wake haukuwa na breki. Akienda kutengeneza friji ya mtu, aliwaacha wenye nyumba wameshika mbavu, na wengine walimwita hata kwa friji isiyo na tatizo la maana, ilimradi tu wamsikie. Mwenyewe alikijua kipaji chake, na hakuwa bahili nacho.

Mke wake alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alikuwa mkunga, mpole, wa maneno machache, mwenye mikono imara na bega moja bovu, la kulia, lililoharibika kwa kuinua wagonjwa miaka nenda miaka rudi. Alipostaafu, wenzake walimwandalia sherehe ndogo ofisini kwa muuguzi mkuu, wakampa saa ya ukutani na maneno mazuri, na wengine walilia. Akarudi nyumbani, akaanza kupanga makabati. Alipomaliza kuyapanga akayapangua, akaanza upya. Watoto wao wawili walishatoka nyumbani na kuanza maisha yao, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumhudumia isipokuwa Barafu, na Barafu alikuwa anashinda kazini.

Asubuhi moja, wakinywa chai, mkunga akasema, "Baba, nataka kujifunza gitaa."

Barafu akaweka kikombe chini. "Gitaa gani?"

"Gitaa kavu. Lile lisilochomekwa kwenye umeme."

"Wewe?"

"Mimi."

Akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza katika ndoa yao yote. Kwamba alipokuwa chuo cha uuguzi, msichana waliyelala naye chumba kimoja alikuwa na gitaa, na jioni wakitoka wodini alikuwa anakaa kitandani analipiga polepole, si kwa kuonyesha watu, kwa ajili yake tu. Siku moja alimwachia alishike. Mkunga alilishika, akagusa uzi mmoja, akasikia ule mtetemo unampita kifuani. Alijiahidi siku akipata nafasi atajifunza. Nafasi ilikuwa haijapatikana hadi leo.

"Miaka yote hii," alisema, "nimeshika vitu vinavyolia vikitaka vyenyewe. Sasa nataka kushika kitu kinacholia nikitaka mimi."

Barafu alicheka mpaka chai ikampalia. Ilikuwa kauli tamu, tamu kweli, na alishangaa kwamba haikutoka mdomoni mwake. Wiki nzima aliisimulia kwa wateja, akigeuza uso kuiga uso wa mke wake, na kila alikoisimulia ilichekwa. Hakujiuliza kama mke wake aliitoa ili ichekwe.

Jumamosi wakaenda kununua. Mkunga alishaamua anachotaka. Hakutaka gitaa la bei ya chini, yale ya plastiki ya kuwanyamazishia watoto, wala hakutaka la wanamuziki wakubwa. Alitaka la katikati, la mtu mzima anayeanza. Akavaa gauni lake la bluu na viatu vya kutokea. Barafu aliona amependeza, na alikusudia kumwambia, lakini akakumbuka kisa kimoja cha mteja na friji iliyoota ukungu, akamsimulia hicho njiani.

Duka la kwanza lilikuwa lile kubwa lenye matawi kila mji, ambalo ukiingia unakutana na matunda na ukitoka umenunua tairi. Magitaa yalikuwa nyuma kabisa, kati ya masanduku ya safari na baiskeli za watoto, yamefungwa ndani ya maboksi marefu. Mkunga akamwuliza kijana aliyekuwa anapanga rafu kama anaweza kufungua moja alijaribu.

"Hairuhusiwi, mama. Likifunguliwa limenunuliwa."

"Sasa nitajuaje kama linanifaa?"

"Yote ni sawa tu, mama."

Barafu akaona mlango wa utani umefunguka. "Kijana," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye rafu za sabuni, "nilipomwoa huyu, baba yake aliniambia hivyohivyo. Hairuhusiwi kufungua boksi!" Kijana akacheka. Mama mmoja mwenye toroli akacheka. Mkunga akatabasamu, akatangulia kutoka.

Duka la pili lilikuwa la kampuni nyingine, kubwa vilevile, ghorofa mbili za vyombo vya umeme, simu, televisheni na muziki. Walipanda ngazi za umeme, na juu mkunga akasimama. Ukuta mzima ulikuwa wa magitaa. Yalining'inia kwa safu, ya rangi ya asali, mekundu, meusi, mengine makubwa ya kumficha mtu, mengine madogo. Mbele ya ukuta kulikuwa na viti virefu visivyo na mgongo, kwa ajili ya wanaotaka kujaribu.

Aliyewahudumia alikuwa binti mwenye nywele fupi na miwani, mtaratibu. Alimwuliza mkunga amewahi kupiga, anataka la nini, atakuwa anakaa au anasimama. Mkunga alijibu kila swali kwa makini kama mtu aliye kwenye usaili wa kazi. Binti akamteremshia gitaa moja kubwa la bei ya katikati. Mkunga akalipakata. Ili mkono wa kulia ufike kwenye nyuzi ilimbidi aupandishe juu ya lile tumbo pana, na Barafu aliona mke wake anakunja uso kidogo.

"Bega?" binti akauliza.

"Bega."

"Subiri, mama." Binti akaenda pembeni, akainua mkono, akateremsha gitaa dogo lililokuwa limejificha chini ya makubwa. Uso wa gitaa lile ulikuwa mweupe kama mbao mpya na mgongo wake wa kahawia iliyokolea. Halikuwa na urembo wowote. Binti akalikaza nyuzi, akasikiliza, akakaza tena, akampa.

Mkunga akalipakata, na safari hii mkono ukashuka wenyewe. Likamkaa. Hata Barafu, ambaye hakujua gitaa linatazamwa wapi, aliona kwamba limemkaa. Mkunga akagusa uzi mmoja, ule mnene wa juu, akaacha sauti iende hadi ikaisha kabisa. Akagusa wa pili. Akainamisha kichwa, akafumba macho. Binti akamwonyesha vidole vitatu vya mkono wa kushoto vikae wapi. "Hii ndiyo kodi ya kwanza, mama, yaani nyuzi kadhaa zinazolia pamoja. Ndiyo rahisi kuliko zote." Mkunga akabonyeza, akapiga, ikatoka sauti ya kukwaruza. Akasogeza kidole. Akapiga tena, ikatoka sauti nzima, pana, nzuri, na mkunga akafumbua macho akamtazama mume wake.

Barafu angelipa chochote, baadaye, kuirudia dakika ile. Kwa sababu alichofanya ni hiki. Alikuwa ameona watu wawili watatu wamesimama kutazama, na Barafu akiona watu wamesimama hawezi kuwaacha wasimame bure. Akapiga makofi, akainua mikono.

"Mabibi na mabwana, sogeeni, sogeeni! Mmemwona Bibi Gitaa! Juzi tu alikuwa anazalisha watoto, leo anazalisha nyimbo! Na mmesikia wenyewe, bado hajaanza kazi ameshadaiwa kodi!"

Watu wakacheka. Kijana mmoja akatoa simu, akaanza kurekodi. "Bibi, piga tena!" akasema mwingine, bila ubaya. Mkunga naye akacheka, au ndivyo Barafu alivyoona: meno yalionekana. Kisha akatoa vidole kwenye nyuzi, kimoja kimoja, akamrudishia binti gitaa.

"Ni zuri," alimwambia. "Nalichukua hili."

Mambo yangeishia hapo, na pengine yangeishia vizuri. Lakini Barafu alitazama bei iliyobandikwa, akatazama na bei ya lile kubwa, akaona ni sawasawa.

"Binti, hapa pana makosa. Hili ni dogo."

"Ndiyo, baba. Ni dogo, ila mbao zake ni nzuri zaidi."

"Mimi natengeneza mafriji, binti. Friji ndogo bei ndogo, friji kubwa bei kubwa. Hili ni nusu gitaa. Nipe kwa bei ya nusu."

Binti akaeleza kwamba dukani kwao bei haipungui. Barafu akamtaka meneja. Meneja akaja, akaeleza yaleyale kwa sauti nzito zaidi. Barafu alikuwa amenoga. Watu walikuwa bado wapo, naye akawa anabishana huku anawakonyeza. Mkunga alisimama kando amekumbatia mkoba wake. Mara mbili alimvuta mume wake shati. "Baba, acha tu. Hela ni yangu, nalipa."

"Mama, tulia. Hawa wanajua tumelipenda, ndiyo maana wanabana. Tutoke kidogo watuone mgongo."

Wakatoka, na hakuna aliyewaita.

Duka la tatu lilikuwa tawi la kampuni ya lile la kwanza, jipya, lenye mabango mekundu ya punguzo kila nguzo. Na hapo, Barafu akaona kile alichokiita baadaye bahati. Gitaa kubwa, jeusi, linalong'aa kama gari la harusi, na ndani ya ofa kulikuwa na begi lake, mkanda wa kuvalia, nyuzi za akiba, kidude cha kupimia sauti, hata kiti cha kukunja. Vyote hivyo kwa pesa pungufu ya lile dogo.

"Umeona sasa!" alisema. "Umeona faida ya kutembea?"

Mkunga aligusa boksi kwa ncha za vidole. "Lile dogo lilinikaa vizuri."

"Hili utalizoea. Kiatu kipya nacho si hubana mwanzo? Na tazama, lina kiti! Lile lilikuwa na kiti?"

"Halikuwa nacho."

"Basi."

Mkunga alitazama lile gitaa jeusi kwenye picha ya boksi kwa muda. "Sawa," akasema.

Barafu alikuwa ameishi na mwanamke huyu tangu ujana. Alikuwa anamjua kwa namna ya kupiga hatua koridoni, anajua kikohozi chake cha homa na kikohozi chake cha kukereka. Lakini ile "sawa" aliipokea kama fundi anavyopokea "sawa" ya mteja aliyekubali bei. Akalibeba boksi begani hadi nyumbani, akipiga filimbi.

Wiki za mwanzo mkunga alijitahidi. Kila siku baada ya kufua au kupika alikuwa anafungua kile kiti, anakaa karibu na dirisha, analipandisha lile tumbo jeusi mapajani, na mkono wa kulia unapanda juu kama wa mtu anayekumbatia pipa. Alikuwa anavumilia kidogo, halafu anashusha mkono na kujisugua bega. Sauti ilitoka, lakini yeye hakufumba macho.

Na wageni hawakukosekana, kwa sababu Barafu alishautangazia mtaa. "Njooni mumwone msanii!" Jirani akija kuazima ngazi anaambiwa asubiri apigiwe wimbo. Shemeji zake wakija, kabla hawajaketi, Barafu anawahi chumbani kulileta gitaa. "Jamani, mimi bado sijajua kitu," mkunga alikuwa anasema. "Ndiyo raha yenyewe!" Barafu anajibu, na wote wanacheka, naye mkunga anapiga ile kodi ya kwanza, inakwaruza, wanampigia makofi.

Siku moja gitaa likawa juu ya kabati la chumbani, ndani ya begi lake. Halikuteremka tena. Barafu alipoulizwa na watu, aliwaambia, "Ile ilikuwa homa ya kustaafu. Imeshuka yenyewe bila dawa." Hilo nalo lilichekwa.

Ulipita muda mrefu. Mkunga alianza kushona vitambaa vya meza, akaacha. Akaanza kwenda kumsaidia mdogo wake aliyekuwa na saluni, akawa anashinda huko. Nyumbani alikuwa mtu yuleyule mpole, chakula kwa wakati, habari za kazi, pole na kazi, ila kama aliwahi kusema kauli nyingine ya kuchekesha, Barafu hakuisikia.

Ndipo Barafu akaitwa kutengeneza viyoyozi katika lile duka la ghorofa mbili. Ilikuwa kazi nzuri, viyoyozi vinne vilivyokuwa vinadondosha maji. Cha mwisho kilikuwa juu, upande wa muziki. Alikuwa kwenye ngazi yake, bisibisi mdomoni, aliposikia mtu anamwita kutoka chini.

"Baba, shikamoo. Wewe si yule baba wa mama mkunga?"

Alikuwa yule binti mwenye miwani. Barafu akatoa bisibisi mdomoni. "Marahaba, binti. Umenikumbuka?"

"Nitakusahauje, baba!" Binti akacheka kwa adabu. "Mama hajambo? Bega lake linaendeleaje?"

"Hajambo. Na wewe unalijua bega lake?"

"Nililiona siku ile, na alinieleza zaidi alipokuja tena."

Barafu akashuka kipandio kimoja. "Alikuja lini?"

Binti akaona kwamba amesema kitu ambacho pengine hakikupaswa kusemwa. Akarekebisha miwani. "Alikuja peke yake, muda kidogo baada ya siku ile mliyokuja. Aliomba kulishika tena lile dogo. Dukani hapakuwa na watu, nikamwacha akae. Alikaa sana, baba. Nilimwonyesha kodi nyingine mbili, akazipata. Anashika haraka, mikono yake inasikia."

"Na hakulinunua? Pesa anayo yake."

"Nilimwambia hivyo. Akasema nyumbani lipo tayari."

"Basi?"

Binti alisita. "Akasema, nikirudi na lingine, mume wangu ataona nimemtukana. Alilibeba lile la kwanza begani mpaka nyumbani. Ndivyo alivyosema. Akalirudisha ukutani mwenyewe, akanishukuru."

Barafu akabaki ameshika ngazi. Maji kutoka kwenye kiyoyozi yalimdondokea shingoni, asiyafute. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu yake alitafuta neno la kusema na hakulipata, wala la utani wala la kweli. Alipolipata lilikuwa, "Lipo?"

"Liliuzwa, baba. Lilikuwa la mwisho la aina ile. Hawakuleta tena."

Alimaliza kazi kwa mikono iliyojua njia yenyewe. Siku zilizofuata, akitoka kwa wateja, alianza kupita kwenye matawi ya maduka yale makubwa, hili na lile, na nguo zake za kazi, akiuliza gitaa dogo lenye uso mweupe na mgongo wa kahawia. Wauzaji walimletea madogo mengine. Katika duka moja walimkalisha kwenye kiti kirefu, wakampa gitaa alipakate. Alilipakata, akautazama mkono wake wa kulia, mfupi, mnene, wenye makovu ya gesi, na akagundua kwamba hajui. Hajui mkono wa mke wake unaishia wapi. Hajui bega linauma ukilipandisha kiasi gani, wala ni sauti gani ile iliyomfanya afumbe macho. Siku ile alikuwa anatazama watu.

"Unamnunulia nani, mzee?" muuzaji akauliza.

"Mke wangu."

"Basi ni vizuri aje mwenyewe."

Jioni ile akamwambia. Alikuwa amepanga maneno mengi, lakini yalitoka machache. "Nilikwenda kwenye lile duka. Binti kaniambia ulirudi."

Mkunga alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Hakusimamisha mikono. "Ah. Ni zamani hiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini?"

"Kwamba hulitaki lile jeusi. Kwamba nilikuharibia."

Mkunga akalaza shati la mume wake juu ya meza, akalinyoosha kola kwa kiganja. "Ningekwambia, ungelifanya kichekesho," alisema. Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama alivyokuwa akimwambia mgonjwa majibu ya kipimo cha damu, na ndiyo maana ilimwingia Barafu mpaka ndani.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nilishakusamehe, baba. Hukuwa na nia mbaya."

"Twende tena. Twende kesho, uchague wewe. Mimi sitafungua mdomo."

Mkunga alitaka kukataa. Barafu aliona kukataa kwenyewe kumefika midomoni. Lakini alimtazama mume wake usoni, akaona jinsi alivyokuwa, akasema, "Haya, twende."

Walikwenda. Barafu aliitimiza ahadi yake. Alipanda ngazi za umeme bila neno, akamsalimia binti kwa kichwa, akasimama nyuma ya mke wake mikono mgongoni kama mtu aliye kwenye gwaride. Binti alikuwa amechagua magitaa madogo matatu ya bei ya katikati. Mkunga akakaa, akapakata la kwanza. Vidole vikatafuta kodi, vikapotea. Akageuka.

"Baba, ukinyamaza hivyo ndiyo naona aibu zaidi."

"Niseme kitu?"

"Hapana. Nenda katazame mafriji."

Akashuka chini kwenye mafriji. Alifungua mlango wa moja, akaufunga, akafungua wa nyingine. Muuzaji alipomjia na maelezo ya waranti, Barafu alimsikiliza hadi mwisho bila kumwambia kwamba hizo mashine anazijua hadi utumbo. Masikio yake yalikuwa juu. Televisheni zote zilikuwa zinapiga kelele, watu wanapita, na katikati ya kelele zile mara akasikia kama nyuzi, mara asisikie. Sauti ikatoka, ikakatika. Ikatoka tena, nzima kidogo. Kisha ikanyamaza, na alisubiri sana irudi.

Alipomwona mke wake anateremka, mikono yake ilikuwa na mkoba tu.

"Hujapata?"

"Nimeyajaribu yote. Ni mazuri, yule binti ana moyo."

"Bega?"

"Bega siyo." Walikuwa wamesimama kati ya friji mbili nyeupe, na watu wakipita iliwabidi wajibane. "Nikwambie ukweli? Siku ile nilipokaa pale, nilijiona msichana. Nilijiona niko chumbani chuoni, nimevua viatu. Hata nilipokuja peke yangu nilijiona hivyohivyo. Leo nimekaa, nimejiona bibi kizee anayehangaika na vidole. Sioni tena kile nilichokuwa nakiona. Sijui kimekwenda wapi."

Barafu akafungua mdomo. Kila kitu alichokuwa nacho mle ndani kilikuwa cha kuchekesha, naye akaufunga.

"Turudi nyumbani," mkunga akasema, akamshika mkono, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo mbele za watu. "Usilibebe hili kama mzigo. Ni gitaa tu."

Lakini alilibeba. Hakujua namna ya kutolibeba. Alijaribu kumwuliza, baada ya siku kadhaa, kama angependa mwalimu. Hakutaka. Alimwuliza kama angependa kurudi kwa yule binti, peke yake, bila yeye. Mkunga akasema labda, kwa ile sauti anayotumia mtu asiyetaka kukuvunja moyo.

Mwishowe wakakubaliana kuliuza lile jeusi. Barafu alitangaza kwa wateja wake, kwa maneno ya kawaida, na akatokea fundi cherehani wa mtaa wa pili, msichana mrefu mwenye mikono mirefu, aliyekuwa analitaka kwa muda mrefu lakini dukani bei ilimshinda. Alikuja mchana baada ya kazi, na uzi umemng'ang'ania kwenye sketi. Barafu akalishusha gitaa kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akamletea sebuleni. Akatoa na kile kiti.

Msichana akalipakata. Lilimkaa kama lilichongwa kwake. Akapiga kidogo, kwa woga, akikosea, akawatazama wenye nyumba kama anaomba radhi.

"Usitutazame sisi," mkunga alimwambia. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha kufutia vyombo begani. "Funga macho. Sikiliza uzi mmoja mpaka uishe, ndipo uguse mwingine."

Msichana akafunga macho. Akagusa uzi mmoja. Akagusa wa pili, kisha akapanga vidole, akapiga zote kwa pamoja, na ikatoka ile sauti nzima, pana, ambayo Barafu aliwahi kuisikia mara moja tu na akaizima kwa makofi.

Aligeuka kumtazama mke wake. Mkunga hakumwona. Alikuwa anatazama mkono wa msichana, na mkono wake mwenyewe wa kushoto ulikuwa ubavuni, juu ya gauni, vidole vitatu vimejipanga vinabonyeza kitambaa, vinaachia, vinahama, vinabonyeza tena. Kodi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Hajazisahau hata moja.

Barafu alikaa kimya, ukimya wa kweli safari hii, hadi msichana alipomaliza, akalitia gitaa begini, akalivaa mgongoni na kuaga. Mkunga alimsindikiza hadi nje. Aliporudi, macho yake yalikuwa na wekundu, na Barafu alimsogezea kiti cha kawaida, cha mezani, karibu na chake.

"Keti, mama," alisema. "Niambie kuhusu yule msichana wa chuoni. Alikuwa anapiga nini?"

Mkunga alikikunja kile kitambaa cha vyombo. "Zamani hiyo," akasema. Kisha, taratibu, bila kumwangalia, akaanza kumsimulia, naye Barafu akasikiliza.